Futi Niliyoiacha kwa Mama Nyamizi

Siku ya kukabidhi vifaa, binti wa stoo aliniuliza mara ya tatu: "Mzee Shomari, na futi kamba ya kwanza, ile ya kitambaa, iko wapi?" Nikamwambia ipo. "Ipo wapi sasa?" Ipo mahali salama. Akaniangalia vile wanavyoangaliwa wazee walioanza kusahau. Sijasahau, mwanangu. Nimekagua nyumba za Tabora tangu nchi ikiwa changa mpaka leo kichwa changu kimebaki na nywele za kuhesabika, na milango ya watu naikumbuka mpaka rangi. Ninyi vijana wa idara mmeniomba niandike kazi ilivyokuwa. Haya, naandika. Vyeo na mishahara sivigusi, maana vyeo vilichelewa na mshahara mnaujua. Nitaandika kazi yenyewe, na humo ndani hiyo futi itaonekana.

Nilifika kwa treni, nimetoka chuoni na suruali moja ya maana. Stesheni asubuhi ile kulikuwa na baridi ya kiangazi. Mchukuzi mmoja akanipokea sanduku, akauliza, "Kijana, kwenu wapi?" Nikajibu Kisarawe. "Mzaramo?" Mzaramo. Basi akaliweka sanduku langu chini katikati ya watu, akalikalia, akapaza sauti: "Jamani, njooni muone! Mtumwa wangu kajileta mwenyewe! Zamani tuliwafuata pwani kwa miguu, leo treni inamleta mpaka mlangoni!" Watu wakaangua kicheko. Hakuniachia sanduku mpaka nilipomnunulia chai na mandazi, na akala mandazi yangu pia.

Utani niliujua, Mzaramo gani asiyeujua? Lakini kwetu Wanyamwezi walikuwa mmoja mmoja. Hapa walikuwa mji mzima, na Mzaramo nilikuwa mimi. Kwa asiyejua, utani wetu ni wa njia ya misafara. Babu zao walibeba mizigo kutoka huku hadi pwani, babu zetu wakawapokea, na watu waliolala njiani pamoja hutukanana, hugawana chakula na huzikana. Mpaka leo Mnyamwezi akininyang'anya kofia barabarani sina ruhusa ya kukasirika, nami naweza kuingia jikoni kwake nikafunua chungu. Akifa mmoja, mtani ndiye huja msibani akamwigiza marehemu, alivyotembea na alivyosema, watu wacheke katikati ya kilio, wala haondoki mpaka apewe chochote. Hilo la msibani mliweke akilini.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Sadala, mwenyeji wa mtaa wa Ng'ambo, bwana afya tangu enzi za mkoloni. Alikuwa mtu wa maneno machache na kofia safi. Siku yangu ya kwanza hakunipa kitabu cha sheria. Alinipa spoku ya baiskeli, imenolewa ncha, imefungwa mpini wa kitambaa. "Hii ndiyo sheria," akasema. Akanipeleka nyumba moja ya Gongoni, na mwenye nyumba alipotukaribisha sebuleni, mzee akapita moja kwa moja mpaka uani. "Usianze sebuleni," akaniambia. "Sebule imefagiliwa kwa ajili yako. Anza nyuma, pale ambapo hawakudhani utafika." Kisha akagonga ukuta kwa kiungo cha kidole, sikio karibu, kama mganga anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Ukuta mzima hujibu kwa sauti fupi, nene. Ukuta ulioliwa na mchwa hujibu kama debe tupu. Ukisikia debe, unachomeka spoku. Mpaka leo ninyi mna vifaa vya kisasa na bado nawaona mnagonga kwa kidole, na ni vizuri.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Serikali ilihamisha watu ili tuwe taifa moja: nesi wa Bukoba aje Tabora, mwalimu wa Tabora aende Mtwara. Jambo jema, lakini nyumba za watumishi zilikuwa chache na wageni wengi. Ndipo mji ukaanzisha mpango wa vyumba. Mwenye nyumba anaandikisha chumba chake, sisi tunakikagua, kikifaa kinapewa cheti, na tangu hapo mji unamlipa sehemu kubwa ya kodi kila mwezi, mpangaji anamalizia kidogo kilichobaki. Bila cheti, mji hautoi kitu. Chumba kilitakiwa kiwe na madirisha mawili yanayofunguka, sakafu ya saruji, paa lisilovuja, kuta zilizosimama wima, jiko mbali na kitanda, na choo chenye mfuniko. Mambo ya kawaida kabisa, lakini mtashangaa yalivyowatoa watu jasho.

Kulikuwa na mlango mmoja wa buluu, mbao za mninga, mlango wa kupendeza. Niliuona Jumatatu kwenye nyumba ya fundi cherehani. Jumatano nikauona kwa jirani yake. Ijumaa ukanifungulia nyumba ya tatu, bawaba zikiwa na mafuta mabichi. Nikamwambia mwenye nyumba, "Huu mlango tunafahamiana. Msalimie fundi cherehani." Goweko nilikwenda kukagua chumba cha mwalimu, nikakuta tumbaku imetundikwa darini inakauka, na mwalimu anakohoa chini yake. Mwenye nyumba akanishangaa: "Bwana Afya, sasa tumbaku nayo ikalale wapi?" Na duka moja karibu na soko, Bwana Hirji, mtu muungwana, alikuwa na chumba kizuri nyuma ya duka, ila dirisha halikuwa dirisha. Alikuwa amepaka rangi ya dirisha ukutani. "Mwizi akiliona toka nje anadhani kuna mtu ndani," akanieleza. Nikamsifu kwa mchoro, nikakikataa chumba. Baada ya mwezi alikuwa ametoboa la kweli, na chai yake ya tangawizi niliendelea kunywa.

Azimio lilipokuwa limeshatangazwa na kila ukuta wa mji una neno la kujitegemea, ndipo likaja suala la Mama Nyamizi.

Mama Nyamizi alikuwa mjane wa fundi wa reli, nyumba yake Chemchem. Mwanamke mrefu, mnene, na shada la funguo kiunoni lililolia kabla yeye hajaonekana. Mtaa mzima ulimwita mama, na mimi aliniita mtumwa. Alikuwa na chumba kimoja cha nyuma alichotaka kiingie kwenye mpango, na alikuwa ameshakipatia mpangaji, Nesi Koku, msichana wa Kihaya aliyehamishiwa hospitali akiwa na mtoto mchanga mgongoni. Mumewe alikuwa jeshini, mbali. Nesi huyo alikuwa anajibana kwa mwenzake, watu watano chumba kimoja, mtoto analala kwenye beseni.

Nilipofika, chumba kilikuwa kinang'aa. Chokaa nyeupe mpya, sakafu nyekundu imepigwa rangi, madirisha mawili yenye mbao za kijani. Nesi Koku alikuwa amesimama mlangoni, mtoto mgongoni, ananiangalia usoni kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani. Nikapita moja kwa moja mpaka uani.

Nyumba ilikuwa ya kizamani, miti na udongo ndani, lipu juu. Nikagonga ukuta wa nyuma. Debe. Nikasogea hatua moja, debe. Nikatundika timazi, nikaona ukuta umeota tumbo, na tumbo lenyewe limeelekea ndani. Nikachomeka spoku chini ya dirisha, ikazama mpaka mpini.

"Mama," nikasema, "hiki chumba hakifai. Ukuta wa nyuma umekwisha, mchwa wamekula miti yote. Mvua zikianza utaanguka, na utaangukia ndani."

Mama Nyamizi alicheka mpaka akashika mlango. "Jamani sikieni! Mzaramo anayelala kwenye makuti kaja kunifundisha nyumba!"

"Nasema kweli, mama."

"Siku mtani akisema kweli, jua litachomoza Urambo, kule linakozama!" Majirani walikuwa wameshajaa uani, wanapiga makofi. Nikamwambia achungulie tundu la spoku. Hakuchungulia. "Unanitobolea nyumba? Faini!" Akanipokonya futi kamba mkononi, akaisokota, akaitia kwenye kanga kifuani. "Hii nimeiteka. Ukiitaka, njoo na kilo ya sukari."

Nikatoka mikono mitupu, watu wananizomea kwa furaha, na mimi mwenyewe nusu nacheka, maana mama yule alikuwa na raha zake. Sikushtuka bado. Nilirudi ofisini, nikaandika barua ya kukataa chumba, nikagonga mhuri, nikaipeleka. Kesho yake nikasikia imesomwa kwa sauti penye bomba la maji, foleni nzima ikacheka. Walikuwa wanasema, "Huyu Mzaramo kiboko, anatania mpaka kwa mhuri wa serikali!" Kesho kutwa yake Nesi Koku akahamia.

Hapo nikaacha kucheka. Nilipanda baiskeli mpaka hospitali, nikamkuta nje ya wodi.

"Nesi, kile chumba nilikikataa. Kwa nini umeingia?"

"Mama kasema cheti kinakuja. Kasema ninyi ni watani, na mtani akikisema kitu kibaya, maana yake ni kizuri."

"Si kwa ukuta, nesi! Ule ukuta ni mbovu kweli."

Akanijibu: "Bwana Afya, mimi ni Mhaya. Utani wenu siujui. Nawaona mnatukanana halafu mnakula pamoja. Ukiniambia nitoke nitatoka, lakini uniambie na pa kwenda. Mtoto amekuwa akilala kwenye beseni."

Pa kumpeleka sikuwa napo. Vyumba vyote vyenye cheti vilikuwa vimejaa, na yule mwenzake aliyekuwa amemhifadhi alishapokea mgeni mwingine. Nikaenda kwa balozi wa nyumba kumi, mzee wa heshima zake, Mnyamwezi. Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa upole kama nimeshaikomboa futi. Mzee Sadala, ambaye angesema neno moja tu akasikilizwa, alikuwa ameenda Kigoma kuzika nduguye. Mkuu wa idara akaniambia njia ya sheria ni ilani ya mwezi mmoja. Mwezi! Mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa Sikonge kila alasiri, mazito, meusi, na wakulima wameshashika majembe.

Nilikasirika, vijana, sitawaficha. Nilikuwa na sheria, nina mhuri, nina spoku, na kila nikifungua kinywa mji mzima unacheka. Nikajaribu hata adabu. Nilimkuta Mama Nyamizi sokoni, nikavua kofia, nikasema kwa unyenyekevu, "Shikamoo mama." Akaangua kicheko: "Leo Mzaramo ana adabu! Ana njaa huyo, mpeni matobolwa!" Na kweli muuza viazi vikavu akanijazia kofia. Nikarudi nyumbani na kofia ya matobolwa, nikakaa kitandani nikiyatafuna, namfikiria yule mtoto. Wakati nayatafuna ndipo nikakumbuka mahali ambapo mtani husikilizwa na kila mtu, wala hakuna anayesema anatania tu.

Jumamosi mchana niliegesha baiskeli kwa Mama Nyamizi. Sikupiga hodi. Nikaingia uani, nikatwaa kanga yake kwenye kamba ya nguo, nikajifunga kiunoni, nikaning'iniza funguo za ofisi, nikaanza kutembea mwendo wake, kifua mbele, funguo zinalia. Wanawake waliokuwa wanatwanga wakaacha michi. "Mwoneni kichaa huyu!" Nikaitoa sauti yake: "Mimi ndiye Nyamizi wa Chemchem! Nyumba yangu nyeupe kuliko maziwa! Nani wa kuniambia kitu?" Wakacheka, majirani wakapanda kwenye ua kutazama, na mwenyewe akatoka jikoni akacheka kuliko wote, machozi yakimtoka.

Kisha nikakaa chini, chini ya ule ukuta, nikanyoosha miguu, nikalia. Si kilio cha mchezo. Nililia kama tunavyolia kwetu, mikono kichwani.

"Ewe Nyamizi mtani wangu! Umekwenda! Ukuta umekufunika ukimwamkia mgeni wako! Umemfunika na nesi wa watu na kitoto chake! Leo nani atanitukana? Nipeni changu niondoke, jamani, nimeshamzika mtani wangu!"

Kicheko kilikatika. Nikasikia mtoto wa Nesi Koku analialia ndani. Mzee mmoja jirani akasema, "Acha hiyo, kijana. Mtani haigizi msiba wa mtu aliye hai."

Mama Nyamizi akanisogelea. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Shomari," akasema, na ndiyo mara ya kwanza kuniita jina langu. "Unaniombea kifo?"

Nikasimama, kanga kiunoni. "Shikamoo, mama."

Hakuitikia.

"Bwana Afya alikuja, ukacheka," nikamwambia. "Barua ikaja na mhuri, mkaicheka bombani. Nimebaki na kinywa cha mtani tu, na unajua mwenyewe, kwenye maiti mtani hasemi uongo. Haya niliyoyasema leo ndiyo nitakayokuja kuyasema hapa mvua ikishanyesha. Na siku hiyo sitadai malipo."

Nilijua nimevuka mpaka, na kama hilo nalo lisingesikika, sikuwa na lingine. Kisha mama akanyoosha mkono. "Lete huo waya wako."

Nikampa spoku. Akasimama mbele ya ukuta wake mweupe, akachomeka juu ya dirisha, mahali alipochagua mwenyewe. Ikaingia kama kwenye uji. Akachomoa, akachomeka pengine. Akachomeka pale mtoto alipokuwa analazwa kwa upande wa ndani. Akaitoa, akaitazama ncha yake, na mchwa wawili walikuwa wanatembea juu yake.

"Koku!" akaita. "Mama, mtoe mtoto! Toa kitanda, toa kila kitu. Usiulize, mwanangu, toka!"

Nesi alitoka mbio na mtoto kifuani. Wanaume wakaleta nguzo, wakaliegemeza paa. Mama Nyamizi akawaambia wote wakae mbali, akauwekea ukuta kiganja chake mwenyewe, kimoja, akausukuma. Haukuhitaji cha pili. Uliingia ndani wote kwa mpigo, vumbi la chokaa likatupanda mpaka kwenye nyusi, na lilipotulia tukaona donge la udongo na miti limekaa pale pale, katikati ya alama nne za miguu ya kitanda kwenye sakafu nyekundu.

Nesi Koku akakaa kwenye kitanda chake kilichokuwa uani juani, akamnyonyesha mtoto. Mimi nikakaa chini na kanga ya watu, na machozi niliyokuwa nimeyaanza kwa makusudi yakaja yenyewe. Mama Nyamizi akaniletea maji kwenye kata. Ndipo akaitikia: "Marahaba, mwanangu."

Mvua ilikuja wiki ile ile, na haikuwa ya kubembeleza. Nesi na mtoto walilala kitandani kwa Mama Nyamizi, yeye akalala kwenye mkeka. Mvua zilipopumzika, mtaa ukajenga ukuta upya kwa kazi ya kujitolea, mtindo wa siku zile, matofali ya kuchoma safari hii, na balozi mwenyewe alibeba udongo bila mtu kumwomba. Mzee Sadala aliporudi kutoka Kigoma akaenda kukagua. Alianzia nyuma. Akachomeka spoku, ikapinda. "Pitisha," akasema. Njiani nikamsimulia nilivyofanya, nikitegemea atanikaripia kwa kuvaa kanga nikiwa kazini. Tulipofika sokoni ndipo akasema, "Sheria ina ilani yake, na watu wana ilani yao. Wewe uliwapelekea ya kwao." Baada ya hapo akaninunulia spoku mpya.

Siku ya kupeleka cheti nikadai futi yangu. "Mama, nyumba imepita. Nirudishie mali ya serikali."

"Ulikuja kunizika," akasema, "na mtani akizika hulipwa. Lakini mimi sijafa, kwa hiyo sikulipi. Na futi nakaa nayo mpaka uje kuzika kweli."

"Mama, stoo watanidai!"

"Waambie umeporwa na mtumwa wako."

Alikaa nayo, na hakuiweka kabatini. Akawa mkaguzi wa Chemchem asiye na mshahara. Mtu akitaka kuandikisha chumba, kabla yangu anakuja yeye na funguo zake na futi yangu, anaanzia uani, anagonga, anapima madirisha, anafunua choo. Akikataa, hakuna rufaa. Nilikuwa nikienda mitaa ile nakuta vyumba vimenyooka, mwenye nyumba ananiambia, "Pita tu, Mama Nyamizi kashapima." Kwingine nilirudi mara mbili mara tatu, Chemchem nilipitisha mara ya kwanza. Mpango wenyewe baadaye ulikuja kufa kimya kimya, kama mipango mingi, lakini mama hakuambiwa, na akaendelea kupima.

Nesi Koku alikaa chumba kile mpaka mumewe aliporudi kutoka jeshini, wakahamia nyumba yao si mbali. Yule mtoto, Mwesiga, alikua akila nyumba mbili, Kihaya kwao na Kinyamwezi kwa bibi, na leo ni fundi wa reli kama alivyokuwa marehemu mume wa mama. Mimi aliniita babu mtani tangu alipojua kusema, na alinipora kofia nyingi kuliko Wanyamwezi wote wa stesheni.

Mwaka jana, mimi nikihesabu miezi yangu ya mwisho ofisini, Mwesiga alikuja idarani akasimama mlangoni, kofia mkononi. Hakunipora kitu. Nikajua.

Msibani niliwakuta watu wananisubiri. Niliivaa kanga yake, nikatembea mwendo wake, kifua mbele. Miguu haikuwa ile ya zamani, lakini watu wa Chemchem waliangua kicheko na kilio kwa pamoja, hata waliokuwa hawajazaliwa siku ya ule ukuta, maana kisa walikijua. Makaburini, kabla ya jeneza kushushwa, Mwesiga akanisogelea na kitambaa kidogo kilichofungwa fundo. "Bibi alisema nikupe hapa, si nyumbani," akaninong'oneza. Nikafungua. Ilikuwa futi yangu, kitambaa kimechakaa, namba zimefutika nusu kwa kupima madirisha ya watu.

Basi nikafanya kazi yangu. Nikashuka kaburini, nikapima urefu, nikapima upana, nikagonga ukuta wa udongo kwa kidole, sikio karibu. Kisha nikapanda, nikakaa ukingoni, miguu ndani, nikawaambia waombolezaji: "Sikipitishi. Chumba hakina dirisha hata moja, na mlango wake unafungwa kwa nje. Mtani wangu halali humu."

Watu walicheka, halafu wengi wakafunika nyuso. Katekista akafunga kitabu, akangoja. Mwenyeji wa Tabora, alijua hawezi kuniondoa. Nilikuwa nimegoma kweli. Nilitaka mtu anishinde.

Mwesiga akapiga magoti, akanitia shilingi kiganjani, akanikunjia vidole. "Pitisha, babu mtani," akasema. "Ukuta huu ni mzima. Nimeugonga mwenyewe asubuhi."

Nikapitisha. Ndicho chumba pekee nilichokipitisha bila dirisha, na binti wa stoo asinidai tena, futi nimeiacha humo.